Moshi ni Wetu Sote, Lakini Si Sawa

Kila asubuhi Mama Dobi humshukuru Mungu kwanza, halafu hutazama juu. Humshukuru Mungu kwa sababu ameamka salama, yeye na watu wake. Hutazama juu kwa sababu ya kazi yake. Dobi bila jua ni kama mvuvi bila maji.

Asubuhi hiyo jua lilikuwa zuri. Alianika sare nyeupe za wauguzi wa zahanati kwenye kamba ya uani. Upepo ulipozipiga, sare zilijaa hewa. Zikawa kama watu wanene wanaocheka.

"Bwana Mvua!" aliita. "Leo nianike au nisianike?"

"Umeshaanika, ndipo unaniuliza?"

Jirani wa chumba cha mwisho alikuwa mlangoni kwake, anafunga viatu. Alifanya kazi katika kituo cha kupima hali ya hewa. Alipima mvua, upepo na joto. Jina lake la kweli watu walikuwa wamelisahau.

"Leo anika," alisema. "Lakini mvua za msimu haziko mbali. Mwezi huu hauishi kabla hazijabisha hodi."

Mama Dobi aliguna. Mvua ikinyesha, nguo huanikwa ndani ya banda la jiko. Huko ndiko kwenye taabu yake.

Vyumba vyote vya nyumba ile vilitazama ua mmoja. Mwisho wa ua kulikuwa na banda la jiko. Wapangaji wote walipika humo. Banda halikuwa na dohani ya kutolea moshi. Moshi ulitoka mlangoni, tena ulitoka ulipopenda wenyewe. Kuta zilikuwa nyeusi. Masizi yalining'inia darini kama manyoya, na upepo ukivuma, yalianguka.

Mume wa Mama Dobi alikuwa mwokaji. Alikuwa na tanuri la udongo humo bandani. Alioka mikate asubuhi, akaoka tena jioni. Kando ya tanuri lake kulikuwa na pipa la Mama Dobi la kuchemshia nguo.

"Mkate wako unanichafulia nguo," mke husema.

"Na nguo zako zinanimalizia kuni," mume hujibu.

Walikuwa wameyasema maneno hayo miaka mingi, hata yakawa kama salamu.

Lakini siku hiyo mambo yalibadilika. Muuguzi mkuu wa zahanati alikuja mwenyewe kuchukua nguo. Alikuwa mtu mpole. Alikaa kwenye kigoda, akanywa maji, kisha akasema:

"Mama Dobi, unakumbuka msimu wa mvua uliopita? Sare zilirudi na madoa meusi."

"Nakumbuka, dada. Ni masizi yale."

"Mimi najua ni masizi. Mgonjwa hajui. Yeye anaona uchafu tu. Safari hii sare zikirudi na madoa, itanibidi nitafute dobi mwingine. Usinichukie."

"Sikuchukii, dada. Umesema kweli."

Muuguzi alipoondoka, Mama Dobi alibaki amesimama na kibanio mkononi. Kazi ya zahanati ndiyo iliyowavalisha watoto wake. Ndiyo iliyowapeleka shule. Na mvua zilikuwa njiani.

Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Mwenye Nyumba. Bibi alikuwa ameketi barazani, anachambua mboga.

"Bibi, tujenge dohani."

"Hata leo, mwanangu," Bibi alisema. "Na mimi kifua kinanibana kwa moshi huo. Waite wenzako."

Jioni hiyo wapangaji walikusanyika uani. Bibi alisimama, akagonga fimbo yake chini.

"Sina maneno mengi. Fundi wa uashi nitamleta mimi. Kazi nyingine ni yetu. Kukwangua masizi, kubeba matofali, kukanda udongo. Kila jiko litoe mtu mmoja, afanye kazi Jumamosi kutwa nzima. Jiko moja, mtu mmoja. Sawa kwa sawa."

"Haki kabisa!" Mwokaji alisema.

"Haki kabisa," Mama Dobi naye akasema.

Kijana kinyozi alinyoosha mkono. Alikuwa hajaoa, na watu walimwita Kapera.

"Basi mimi simo, Bibi. Mimi sina jiko. La kuni sina, na la kuoa sina."

Watu walicheka. Hata Bibi alicheka.

"La kuoa tutakutafutia!" Mwokaji alimwambia. "Ulivyo mvivu, labda tukutafutie la mafuta ya taa."

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa Bi Arusi, mke wa mlinzi. Walikuwa wamehamia pale juzijuzi. Tumbo lake lilikuwa kubwa, miezi yake ilikaribia kutimia.

"Bibi, samahani," alisema kwa sauti ndogo. "Mume wangu analinda usiku. Mchana lazima alale. Jikoni kwetu mtu aliyebaki ni mimi. Na mimi nikiingia kwenye masizi, sipumui."

"Jiko ni jiko, mwanangu," Bibi alisema. "Nikikusamehe wewe, kesho kila mtu atakuja na tumbo lake. Asiyefanya kazi, asipike bandani."

Bi Arusi aliinamisha kichwa. "Basi nitapika mlangoni kwangu."

Mama Dobi aliona vibaya moyoni. Lakini alinyamaza. Aliitaka dohani.

Jumamosi ilifika. Udongo ulikuwa tayari, maji yalikuwa tayari. Kapera alikuwa amefunga mlango, ametoka mapema. Mlinzi alitoka chumbani, macho mekundu kwa usingizi. Alitazama kuta nyeusi, kisha akamtazama Mwokaji.

"Kaka, nikuulize. Sufuria yetu moja ndiyo iliyopaka kuta zote hizi?"

"Sheria ni ya Bibi," Mwokaji alijibu. "Kila jiko sawa."

"Tanuri lako na sufuria ya mke wangu, sawa?"

"Ala! Mbona unanipandishia sauti?"

"Sijapandisha. Nimeuliza."

Maneno yakavuta maneno. Bibi alikasirika, akaingia ndani na fimbo yake. Kila mtu akarudi kwake. Udongo uliokandwa ukabaki pale uani, ukakauka, ukapasuka.

Mama Dobi aliutazama udongo ule. Akatazama juu. Magharibi kulikuwa na wingu dogo.

"Mungu wangu," alisema, "nionyeshe njia, maana mimi siioni."

Mama Dobi alikuwa anahudhuria darasa la jioni. Alianza kujifunza kusoma akiwa mtu mzima, na hakuona aibu. Jumatatu, mwalimu aliandika sentensi ubaoni. Somo lilihusu joto la dunia. Mama Dobi alisoma kwa kidole hewani, neno kwa neno:

"Nchi zote zina wajibu, lakini si sawa."

Alisoma vizuri, mwalimu akamsifu. Lakini njiani kurudi nyumbani sentensi ile ilimsumbua. Kesho yake alasiri alikuwa akipiga pasi uani. Bwana Mvua alirudi kutoka kazini. Mama Dobi hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Bwana Mvua, kaa hapo. Kuna jambo limenikwama kooni. Jana nimesoma kwamba nchi zote zina wajibu, lakini si sawa. Kama si sawa, kwa nini wanafundisha? Jambo lisilo sawa si ni baya?"

Bwana Mvua alicheka mpaka akapiga paja.

"Samahani, shemeji, sikucheki wewe. Nalicheka neno letu. Sawa ziko mbili. Ukiniuliza, 'Chakula kiko sawa?' nikisema si sawa, maana yake ni kibaya. Lakini nikisema shati hili na lile si sawa, je, nimesema ni mabaya?"

"Hapana. Umesema hayalingani. Moja kubwa, moja dogo."

"Ndiyo hiyo ya ubaoni. Wajibu ni wa nchi zote, lakini haulingani."

Mama Dobi aliweka pasi pembeni. "Wajibu wa nini hasa?"

"Wa joto. Sikiliza. Ukichoma kuni, makaa ya mawe, petroli au dizeli, inatoka hewa inaitwa hewa ya ukaa. Si huu moshi unaouona. Hewa hii haina rangi wala harufu. Inapanda juu, inakaa huko miaka mingi sana. Nyingine inakaa mamia ya miaka. Inaifunika dunia kama blanketi. Blanketi likizidi unene, joto linazidi. Ukame unakuwa mkali, mafuriko yanakuwa makubwa. Pale kituoni tunayaona kwenye vipimo vyetu."

"Basi kila nchi ipunguze. Sawa kwa sawa. Kwisha."

"Na ndipo ugomvi unapoanza. Kuna nchi zilianza kuchoma makaa ya mawe zamani, kabla babu zetu hawajazaliwa. Zilijenga viwanda, reli, miji. Zikatajirika. Blanketi lile, sehemu kubwa ni uzi wao. Halafu kuna nchi zimeanza juzi, lakini leo zinachoma kwa wingi mno. Wale wa zamani wanawaambia, 'Ninyi sasa ndio mnaochoma zaidi.' Hawa wanajibu, 'Ninyi mmeshashiba, sasa mnatukataza kula?'"

"Na wote wamesema kweli," Mama Dobi alisema polepole.

"Wote wamesema kweli. Ongeza na hili. Nchi moja ina watu wengi mno. Ukigawanya moshi wake kwa kila mtu, unakuta kila mtu ana kidogo. Nchi nyingine ni ndogo, lakini kila mtu ana magari na mashine nyumba nzima. Utahesabu kwa nchi au kwa kichwa?"

"Makubwa haya!"

"Bado. Kuna nchi ina viwanda vinavyotoa moshi mwingi. Lakini vitu inavyotengeneza vinavaliwa na kutumiwa nchi nyingine. Moshi huo ni wa nani? Wa aliyetengeneza au wa aliyevaa?"

Mama Dobi alitazama rundo la nguo mbele yake. Hakuna hata moja iliyokuwa yake.

"Na wasiochoma sana?" aliuliza. "Wale maskini?"

"Hao ndio wanaoumia mapema. Mafuriko hayaulizi nani alichoma."

Mama Dobi alikumbuka tumbo la Bi Arusi. Akakumbuka alivyonyamaza.

"Sasa nchi zimeamuaje?"

"Zimekubaliana kwamba mzigo ni wa wote, lakini kila mmoja abebe kwa kadiri ya alichochangia na nguvu aliyo nayo. Kila nchi itaje yenyewe itapunguza kiasi gani, na kila baada ya muda iongeze ahadi. Zenye uwezo zisaidie zisizo na uwezo. Wengine wanatimiza, wengine wanachechemea. Bado wanabishana, maana dunia haina mwenye nyumba wa kugonga fimbo."

"Yuko Mungu."

"Yuko, shemeji. Lakini ufagio ametuachia sisi mkononi."

Mama Dobi alicheka. Kisha akanusa.

"Yarabi! Pasi!"

Alikuwa ameiegemeza kwenye leso yake mwenyewe. Tundu la ukubwa wa pasi lilikuwa limetokea katikati.

"Hapo," Bwana Mvua alisema, "wajibu si wa nchi zote. Ni wako peke yako."

Jioni ile Mama Dobi alimwambia mumewe yote. Mwokaji alisikiliza huku akikanda unga.

"Sasa unataka tujishtaki wenyewe?" aliuliza.

"Nataka sare zangu ziwe nyeupe. Na nataka nikimwona Bi Arusi nisiangalie pembeni. Tanuri ni letu, pipa ni letu. Lakini tulisema jiko moja, mtu mmoja. Tulisema haki kabisa. Tulisema haraka kwa sababu ilitufaa."

Mwokaji alikanda, akakanda. Mwisho akasema, "Yule mlinzi aliniuliza vizuri tu. Mimi ndiye niliyepandisha sauti."

Kesho yake Mama Dobi alikwenda tena kwa Bibi, akamwomba awaite watu kwa mara nyingine. Bibi alinuna, lakini aliwaita. Wote walikuja, hata Kapera.

"Naomba nianze mimi," Mama Dobi alisema. "Moshi wa banda ni wetu sote. Lakini hatulingani. Sisi tuna tanuri, tena tunaliwasha mara mbili kwa siku. Tuna pipa. Wanaochoma zaidi leo ni sisi. Kwa hiyo mimi na mume wangu tutafanya kazi wote wawili, na si Jumamosi moja tu. Mpaka iishe. Na kuta tutakwangua sisi."

Watu walitazamana.

"Vizuri," Bibi alisema. "Kumbe mwenye moshi amejitaja. Mimi napika chungu kimoja cha uji."

Mama Dobi alimgeukia. "Ndiyo, Bibi, sasa hivi ni kimoja. Naomba nikuulize kwa heshima. Masizi yale ya juu kabisa darini, yale manene kama ngozi ya ng'ombe, ni ya tangu lini?"

Mlinzi aliangalia vidole vyake. Bibi alitazama banda. Alitazama muda mrefu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Mjanja wewe! Hayo ni yangu. Nilikuwa na mgahawa humo, ninyi wengine hamjazaliwa. Masufuria makubwa, moto haulali. Nyumba hii yote imejengwa na mgahawa ule." Akafuta macho. "Lakini hakuna aliyeniambia moshi unadhuru. Nilikuwa natafuta maisha."

"Kutojua si kosa, Bibi," Bwana Mvua alisema. "Ila moshi ulipanda darini, na faida ikabaki nyumbani."

"Ikabaki kweli, siwezi kukataa. Haya. Matofali nilitaka mchange. Acheni. Kuna rundo langu nyuma ya nyumba, chukueni. Na fundi ni wangu."

Kapera alianza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.

"Na wewe unakwenda wapi?" Mama Dobi alimwita.

"Shemeji, mimi si mnajua sina..."

"Jiko huna, tumesikia. Mkate unaokula kila asubuhi huokwa wapi? Hilo shati limechemshwa kwenye pipa la nani?"

Kapera alitazama shati lake. Lilikuwa jeupe, limenyooka.

"Kumbe nimevaa moshi," alisema.

Watu walicheka mpaka mlinzi akaegemea ukuta wa banda. Ukuta ukampaka masizi mgongoni, wakacheka tena.

"Nitabeba matofali," Kapera alisema. "Na maji. Basi, niacheni."

Bi Arusi alisogea mbele. "Na mimi?" aliuliza. "Nami napika. Na mtoto akizaliwa nitachemsha maji zaidi. Nisije nikaambiwa nimezidisha."

"Chemsha, mwanangu," Bibi alisema. "Nani atamnyima mtoto maji ya moto? Nami nilikukaripia siku ile, nisamehe. Nitakupa jiko banifu, lile la udongo linalokula kuni chache. Utapika zaidi na moshi utapungua. Na wewe utapikia watu chai siku ya kazi. Uwezo huo unao?"

"Ninao, Bibi."

Bwana Mvua alikohoa kidogo. "Neno moja tu. Dohani itatoa moshi bandani, lakini itaupeleka angani. Sisi tuna pa kuutupa. Dunia haina nje ya kuutupia. Kwa hiyo na kuni nazo zipungue."

Mwokaji alikuna kichwa. "Nikioka mara moja, kwa moto mmoja, mikate ya jioni ninaweza kuiweka humohumo. Nikianika kuni zikauke vizuri, moshi utapungua. Nilikuwa nachoma mbichi kwa haraka zangu."

"Nami nitaweka maji juani kwanza," Mama Dobi alisema. "Yakishapata uvuguvugu, ndipo niyatie kwenye pipa."

Kazi ilianza. Mume na mke walifunga vitambaa puani, wakakwangua kuta. Walitoka weusi, meno tu yakionekana. Watoto wao waliwakimbia kwa kicheko. Kapera alibeba matofali, akalalamika kwa kila tofali. Mlinzi aliposikia kelele aliamka mwenyewe, akashika koleo bila kuambiwa. Bi Arusi alileta chai. Bibi alikaa kwenye kigoda, akimfundisha fundi wa uashi kazi ambayo fundi aliijua.

Siku walipowasha moto wa kwanza, wote walitoka nje kutazama. Moshi mwembamba ulitoka juu ya dohani. Ulikuwa kidogo kuliko zamani. Ndani ya banda mtu aliweza kuona ukuta wa pili.

"Alhamdulillahi, na asante Bwana," Bibi alisema, maana aliwaombea wapangaji wote, kila mmoja kwa dini yake.

Mvua zilikuja kabla mwezi haujaisha, kama Bwana Mvua alivyosema. Zilinyesha mchana kutwa. Sare za wauguzi zilining'inia bandani, zimepangana, nyeupe. Kutoka chumba cha mlinzi kilisikika kilio cha mtoto mchanga, na maji yake yalikuwa yakichemka juu ya jiko banifu.

Muuguzi mkuu alikuja na mwavuli. Alikuja kumtazama mtoto, kisha akapita bandani. Alishika sare moja, akaigeuza. Akapitisha kidole kwenye kola. Akakitazama kidole. Akachukua nyingine.

Mama Dobi alisimama kando ya pipa. Midomo yake ilicheza bila sauti. Alikuwa anaomba.

"Mama Dobi," muuguzi alisema mwishowe, "hizi sasa ziko sawa."

Mama Dobi alimtazama mumewe aliyekuwa kwenye tanuri. Mwokaji alimtazama Bwana Mvua, aliyekuwa amejikinga mvua mlangoni mwa banda. Wote watatu wakaangua kicheko.

"Nimesema nini?" muuguzi aliuliza.

"Umesema vizuri, dada," Mama Dobi alijibu, akifuta machozi kwa leso yake yenye tundu. "Kaa, mkate unatoka sasa hivi. Nikueleze sawa ziko ngapi."